Magadi Huonjwa

Mama yangu alichovya kitambaa kwenye karai, akakikamua, akakibandika juu ya tumbo langu, nami nikapiga ukelele ambao hata wakati wa uchungu sikuupiga. Nilikuwa nimejifungua juzi yake. Mamamkwe wangu, aliyekuwa ameketi kitandani na mtoto mapajani, akainuka, akatia ncha ya kidole kwenye yale maji, akakitoa na kukipuliza.

"Ee mkwe wangu," akamwambia mama, "unamkanda mzazi au unanyonyoa kuku?"

Wanawake waliokuja kumwona mtoto wakacheka. Mama hakucheka. Aliyatazama maji, akatumbukiza mkono mzima, akautuliza humo kama mtu anayesikiliza kitu nyuma ya ukuta.

"Mbona ni vuguvugu," akasema.

Mvuke ulikuwa unampanda usoni. Kicheko kikakatika.

"Vuguvugu!" Mamamkwe akamshika ule mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja: cheupe-cheupe, kinang'aa, hakina mistari, kama mgongo wa kijiko. "Mkono huu hausikii kitu. Basi kwa mjukuu wangu usisogee. Leo umemuunguza mama, kesho utanichemshia mtoto."

Ninyi mnaonisoma mmezaa, au mna dada waliozaa, kwa hiyo sina haja ya kueleza sana. Mtoto wa kwanza wa binti huogeshwa na mama wa binti mpaka arobaini itoke. Ndiyo sababu mama alipanda lori kutoka Misima na mzigo wa kuni na majani ya dawa, akaja mpaka Korogwe kwenye nyumba ya watu. Kumwambia mbele ya wageni kwamba asimguse mtoto ni kumwambia funga mzigo wako uondoke. Naye hakubisha. Alikausha mikono kwenye kanga, akatoka nje.

Mimi nikabaki pale kitandani na hasira. Wanasema mzazi asikasirike, maziwa yatakatika. Maziwa hayakukatika, na hasira ninayo mpaka sasa ninapoandika. Chini ya kitanda kulikuwa na ndoo ya nepi zilizolowekwa kwenye magadi, na harufu yake ikanipanda puani: vumbi lililonyeshewa, chumvi, na kwa mbali kitu kama chuma kilicholala nje. Harufu hiyo nimeishi nayo, na ninajua nilipoanza kuishi nayo. Ni utotoni, kwenye boti moja.

Sisi asili yetu ni Kwedizinga, huko Handeni. Ukitaja maji Kwedizinga unataja safari. Mama alikuwa anatoka na mtungi kabla ya jogoo na anarudi jua limeshakuwa kali, na hayo maji yalipangiwa kazi kama askari: haya ya kunywa, haya ya kupikia, haya ya uso, na yaliyokwisha kuosha uso yanaosha miguu. Baba akafariki. Mwaka uliofuata mvua zikakataa, mahindi yakaungulia shambani, tukala bada ya muhogo mkavu mpaka nao ukaisha. Wakati huo nchi ilikuwa ya Waingereza na mtu mwenye njaa alijua pa kwenda: kwenye mkonge. Mama akafunga mzigo, akanishika mkono, tukaenda kambini kwenye shamba moja karibu na Korogwe ya zamani, kando ya mto ambao wenyeji wanauita Ruvu na vitabu vya shule vinauita Pangani.

Nilipouona ule mto nililia. Mama alidhani naogopa. Wala. Nililia kwa sababu maji yale yote yalikuwa yanapita tu na hakuna mtu aliyeyazuia.

Kazi za wanawake kambini zilikuwa kupalilia na kuanika singa, zile nyuzi za mkonge. Lakini mama alisifika upesi kwa kufua, na nyapara akamtoa kwenye kuanika akampa kazi ya boti. Nyapara huyo alikuwa na jina lake ila hakuna aliyelitumia. Tulimwita Upesi-Upesi, kwa sababu neno hilo ndilo lililotangulia kila jambo lake, hata salamu. Boti ilikuwa ya Bwana Mkubwa, meneja wa shamba. Ilikuwa ya mbao, imepakwa rangi nyeupe, na ilifungwa chini ya nyumba yake. Jumapili alipanda na memsabu wake wakaenda kutazama ndege. Taabu ni kwamba juu kidogo ya mto kulikuwa na korona, mashine ya kumenya mkonge, na uchafu wote wa korona, yale maji ya kijani mazito yenye makapi, yalishuka kwa mfereji yakaingia mtoni. Yalinuka kama kinyesi cha ng'ombe aliyekula ndimu. Yalishika kwenye tumbo la boti, yakakauka, yakawa gamba la kahawia, na juu ya gamba ukaota utelezi.

"Tutaiosha," mama akaniambia.

Nikamwuliza swali ambalo mpaka leo naliona zuri: kitu kinachoshinda majini kinaoshwa cha nini?

Jirani yetu wa chumba cha pili, Mama Anjelina, mtu wa Nyasa aliyefika kwa mkataba na mumewe, akadakia. "Kwani samaki haoshwi? Anashinda wapi? Huoshwa kabla ya kuliwa."

Nikaelewa kwamba boti italiwa. Siku nyingi nilingojea kuona itapikwaje.

Wanaume waliivuta nchi kavu, wakaipindua juu ya magogo. Ilikaa pale kama mbuzi aliyevimba. Mama alijaribu sabuni ya mche, ikateleza tu. Alijaribu mchanga, Upesi-Upesi akapiga kelele kwamba unakwaruza rangi ya Bwana. Ndipo mama akarudi chumbani akachukua kopo lake la magadi.

Kwa asiyejua nyumba ya Kizigua ilivyokuwa, niseme hivi: hakukuwa na kopo jingine. Magadi yalilainisha maharage na kisamvu. Yalifua kaniki, yalitoa masizi kwenye sufuria, yalituliza kiungulia, na vikongwe waliyatia kwenye ugoro. Yalikuwa rahisi kuliko chumvi. Na hayakupimwa kwa kijiko wala kikombe. Unayayeyusha, unachovya kidole, unagusisha ncha ya ulimi. Yakikwaruza kidogo yamefika. Yakikausha ulimi wote, ongeza maji. Hata dukani ilikuwa hivyo. Muuzaji alimega chembe akaonja yeye kwanza mbele yako, ndipo na wewe ukaonja, ndipo mkaanza kubishana. Mhindi mwenye duka pale Korogwe ya zamani, mtu asiyekula chochote cha kwetu, naye alikuwa anaonja. Asiyeonja magadi yake hakuuza. Magadi huonjwa: hilo lilikuwa kama kusema mlango hubishwa hodi.

Mama aliyayeyusha kwenye debe mpaka yakawa kama uji mzito, akaonja, akanionjesha, akayapaka kwenye tumbo la boti lote. Kisha tukakaa kivulini. Magadi yanataka kukaa, alisema, ukiyaharakisha yanakasirika. Yalipokauka na kuweka weupe, tukaanza kusugua kwa brashi aliyoisuka mwenyewe kwa singa za mkonge. Alinifundisha kusugua kufuata ubao, kwa urefu, si kwa kukatisha. "Ukikatisha unaingiza uchafu kwenye maungio. Fuata ubao, kama unavyomsugua mtu mgongo." Gamba likaachia kwa mapande. Chini yake rangi ikatoka nyeupe pe, na mama akamwagia maji debe zima mara moja, bila hesabu, akacheka peke yake. Mtu wa Kwedizinga kumwaga maji hivyo! Alikuwa kama mtu aliyefungua kabati la tajiri.

"Hakuna uchafu unaoyashinda magadi," akasema.

Bwana Mkubwa alipita, akapitisha kidole ubavuni mwa boti, akakitazama kidole, akaondoka. Upesi-Upesi akasema hiyo ndiyo sifa, tusingoje nyingine.

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Boti ikichafuka inapinduliwa, inapakwa, inakaa, inasuguliwa. Nilipenda yote: magadi yaliyokauka yakipasuka kama ardhi ya kwetu, mikono ya mama ikinuka vumbi lenye mvua wakati ananifunika usiku. Alikuwa na mikono mipana, myeusi, yenye mistari mingi kiganjani. Nilikuwa naifuata ile mistari kwa kidole nikimwambia hii ndiyo barabara ya Handeni, hii ya Korogwe.

Kisha mvua kubwa zikanyesha milimani Usambara, mto ukajaa, na boti ikashinda kwenye tope la korona bila kutolewa. Ilipovutwa haikuonekana rangi. Na memsabu alikuwa na wageni wanaokuja, na wageni walitaka kupanda boti kesho yake.

"Upesi, upesi," akasema nyapara. "Leo hii iishe."

"Bwana, magadi yanataka kukaa," mama akasema. "Gamba hili ni la mara mbili. Nitapaka leo, kesho nipake tena."

"Kesho wageni watakalia nini, kichwa chako?"

Akaondoka, akarudi na debe lenye kifuniko, kutoka stoo ya mashine. Alilibeba kwa kulitundika kwenye fimbo, mkono ameunyosha mbali na mwili kama mtu aliyebeba nyoka. Mimi niliona hilo. Nilidhani ni maringo ya unyapara. Alilitua, akarudi nyuma.

"Magadi ya kizungu," akasema. "Yanafanya kazi upesi. Hayangoji kukauka."

Mama akafungua. Ndani mlikuwa na vipande vyeupe vyembamba, kama maganda ya mayai. Akasema, "Mazuri, yametakata." Akachovya kidole kwenye ndoo ya maji ili akiguse kipande kimoja, aonje.

"Wewe!" Upesi-Upesi akapiga ukelele. "Hakuna wakati wa kuonja! Magadi ni magadi, mama. Umezaliwa nayo, unaonja nini?"

Nataka msome sentensi hiyo tena. Mimi nimeisoma miaka yote hii. Mtu asiyejua angemwacha aonje. Angesimama pale akichokonoa meno mpaka amalize. Yule alipiga ukelele. Ulimi wa mama aliuokoa. Mikono akaiacha.

Mama akayeyusha. Maji yakapata moto kwenye debe bila kuwekwa motoni, akashangaa, akasema ndiyo maana yanaitwa ya kizungu. Akayapaka kwa mikono miwili, maana brashi ilikuwa ya kusugulia, si ya kupakia. Mimi aliniweka juu ya gogo nichunge kuku wasije. "Yanateleza," akaniambia huku anasugua vidole. "Haya yana sabuni ndani yake." Hakuna sabuni mle. Kilichokuwa kinateleza ni ngozi yake ikiyeyuka, na hilo nilikuja kulijua nimeshavaa sare ya shule.

Kweli yalifanya kazi upesi. Gamba likaondoka kama uji. Lakini halikuondoka peke yake. Rangi nyeupe nayo ikajikunja, ikavimba, ikaachia mbao, ikaanguka vipande vipande, na boti ikabaki uchi, mbao nyeusi. Mama akasimama. Ndipo alipoanza kuhisi mikono. Alikimbilia mtoni akaitia majini mpaka viwiko, akakaa hivyo amechuchumaa. Nilimwita, hakugeuka.

Jioni ile viganja vilikuwa vimevimba, na ngozi imeanza kutoka kama soksi. Mama Anjelina alimpaka asali na mafuta ya nyonyo, akamfunga kwa vipande vya kanga. Na mimi nilipoona chini ya ngozi iliyotoka kuna weupe wenye uwekundu, nikajua kilichotokea. Weupe wa boti umehamia kwa mama. Nilikwenda nyuma ya vyumba walipokuwa wanacheza wenzangu nikawatangazia.

"Mama yangu anageuka Mzungu. Ameanzia mikononi."

"Mwongo!"

"Nendeni mkaone. Boti imekuwa nyeusi, mama amekuwa mweupe."

Wakaenda, wakachungulia mlangoni, wakarudi na adabu. Binti mmoja aliyekuwa ananionea kila siku akaniuliza kama tutahamia nyumba ya juu, kwa Bwana Mkubwa. Nikamwambia ndiyo, na yeye hatakuja. Nilikuwa nimeshachagua: nitakula mkate kila asubuhi, nitalala kwenye kitanda chenye chandarua. Mama Anjelina alinisikia, akanishika sikio.

"Mzungu gani huyo anayelia kwa kushika kijiko?" akasema. Lakini hakunivuta kwa nguvu, akaliachia. Akaniambia niende nikamsaidie mama kupika.

Mama alikuwa ameketi mbele ya mafiga, mikono juu ya magoti kama mizigo ya mtu mwingine. Sufuria ya maharage ilikuwa imeteguliwa, maharage magumu. Akaniambia, "Kwenye pindo la kanga yangu nimefunga magadi kidogo, yale ya leo. Chukua kipande utie." Bado alidhani ni magadi, ila makali mno, na hakuna mtu wa kwetu anayeacha magadi mazuri yatupwe. Nikafungua pindo. Kanga ilikuwa imelowa pale na inanata. Nikakidondosha kipande kwenye sufuria kwa kukung'uta pindo, sikukigusa.

Sufuria ikaanza kulia. Ilikuwa chini, haipo motoni, na maji yakachemka kwa mapovu madogo madogo yakipanda kutoka kwenye bati lenyewe, yakitoa moshi unaochoma pua, na ukingo wa ndani ukawa mweusi tukiwa tunatazama. Nikapiga makofi. Nilidhani tumepata sufuria isiyohitaji kuni.

Mama aliipiga teke. Maharage yakaenda sakafuni, nami akanikumba kwa kiwiko nikaangukia mlangoni. "Usiguse! Umeonja? Umelamba kidole? Fungua mdomo!" Akaniinamia, akanusa mdomo wangu, akanitazama ulimi kwa mwanga wa moto. Nilimwambia sijaonja. Akaketi chini pale pale kwenye maharage.

"Hayo si magadi," akasema.

Asubuhi alinichukua tukaenda stoo ya mashine. Mikono imefungwa, hajalala. Upesi-Upesi alikuwa mlangoni na wanaume wa zamu. Nyuma yake, kwenye msumari, zilining'inia glavu ndefu za mpira. Niliziona kwa sababu zilikuwa usawa wa macho ya kila mtu anayeingia, na kwa sababu nilidhani ni mikono ya Mzungu mwingine iliyovuliwa.

"Umeharibu boti," akasema kabla ya salamu. "Bwana Mkubwa amekasirika. Rangi yote imetoka. Nani alikwambia uyaache yakae?"

"Bwana," mama akasema, "jana ulinipa nini?"

"Magadi."

Mama akamgeukia mmoja wa wanaume, akamwomba amfungulie lile debe, likafunguliwa. Akalisukuma kwa mguu mpaka mbele ya nyapara.

"Onja."

Wale wanaume wote walikuwa watu wa kununua magadi, wana mama zao na wake zao. Kila mmoja alijua ameombwa kitu kidogo, ambacho Mhindi wa dukani alikifanya kila siku bila kuombwa.

"Toka hapa," akasema Upesi-Upesi.

"Magadi huonjwa, bwana. Umesema ni magadi. Onja chembe, mimi niende zangu."

Akarudi nyuma. Hatua kubwa, mpaka mgongo wake ukagusa zile glavu. Mzee mmoja wa zamu akasema polepole, "Onja basi, nyapara," na mwingine akacheka kicheko kisicho na furaha. Hakuonja. Alisema kazi ya mama imekwisha, aondoke na mtoto wake kambini, upesi.

Boti ilipakwa rangi mpya wiki ile ile. Mimi mwenyewe niliiona ikimeta tulipokuwa tunapita na mzigo. Mikono ya mama haikupakwa kitu.

Tulikwenda Misima kwa mjomba. Vidonda vilikauka, viganja vikawa vile alivyoviona mamamkwe: laini, vinang'aa, bila barabara ya Handeni wala ya Korogwe. Niliendelea kungoja weupe upande mabegani. Haukupanda. Badala yake nikapata jambo jingine la kujivunia. Mama alikuwa anachukua kaa la moto kwa vidole na kulihamisha kwenye jiko, bila haraka. Alitegua sufuria bila kitambaa. Watoto wa mjomba walikuwa wanamwomba awaonyeshe, na mimi nilipokea sifa kwa niaba yake: mama yangu ana mikono ya chuma, mkonge umemkomaza. Na jambo la tatu, ambalo sikulipenda kabisa: tangu kambini hatukuoga tena maji ya moto. Kipupwe cha Misima mnakijua, kile cha asubuhi yenye umande, meno yanagongana. Wenzetu waliogeshwa kwa maji ya kuchanganya. Sisi, mimi na watoto wa mjomba aliowalea, tulimwagiwa ya mtungini kama yalivyo. Nilisema ni ubahili wa kuni. Mama alijibu maji ya moto yanalegeza mifupa.

Nikasoma. Mjomba alinisomesha mpaka sekondari. Siku moja mwalimu wa kemia aliweka chupa mezani, ndani vipande vyeupe vyembamba kama maganda ya mayai, na mimi nikavitambua kabla hajasema jina. Kostiki soda. Akasema inaunguza nyama, inachuna rangi, inakula sufuria, na haishikwi bila glavu. Nikanyosha mkono.

"Na mtu akiishika?"

"Mjinga gani ataishika?" akasema, darasa likacheka.

Nikakaa. Nilipata alama nzuri kwenye somo lile. Sikujibu, na jibu ninalo hapa: si mjinga, ni mtu aliyekatazwa kuonja.

Lakini hata nilipokwisha kujua hayo yote, sikujua kwamba mikono ilikuwa imekufa. Nilijua iliungua, nilidhani ilipona. Mpaka siku ile ya karai.

Basi nikashuka kitandani. Wanawake wakapiga kelele, mzazi hatoki nje, upepo utamwingia. Nikajifunga kanga nikatoka. Mama alikuwa kibarazani, anafunga mzigo wake kwa meno na kidole gumba, kwa sababu fundo dogo hulifunga hivyo siku zote. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu boti."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungenipa yako?"

"Na sisi ulituogeshaje?"

Akanitazama kama niliyeuliza jambo la kitoto. "Kwa maji baridi," akasema. "Maji baridi hayadanganyi. Ya moto nilijaribu mara moja tu, nikaona ulivyoruka." Akavuta fundo. "Leo nilijisahau. Nilitaka ukandwe vizuri, kama mimi nilivyokandwa. Mamamkwe wako amesema kweli, usigombane naye. Mikono hii ni viziwi."

Nikaufungua ule mzigo. Fundo lake lilikuwa gumu, nikalikata kwa kisu. Nikamshika mama kiwiko nikamrudisha ndani, mbele ya wanawake wote, nikaomba beseni safi, maji ya moto na ya baridi. Nikachanganya mwenyewe. Nikatia kiwiko, nikaongeza baridi, nikatia tena. Mamamkwe alikuwa amesimama, mjukuu wake kifuani, kidevu juu, haniamini mimi wala mama.

"Mama," nikamwambia mamamkwe, "mtoto ataogeshwa na bibi yake mzaa mama, kama desturi. Maji nitayaonja mimi kila siku. Ukitaka na wewe, karibu." Nikalisogeza beseni mpaka miguuni pake. "Onja."

Sauti yangu ilitoka vibaya, kwa ukali usiomfaa mkwe. Mama akainamisha macho. Nadhani wote wawili tulikuwa tunaangalia kitu kimoja: miguu ya yule mwanamke, itakwenda upande gani.

Haikurudi nyuma. Alipiga magoti, mtoto kamhamishia mkono wa kushoto, akatia kiwiko chake kwenye maji, akakiacha humo kitambo. Akaonja kweli kweli.

"Yamefika," akasema, na akampa mama mtoto.